Nishinde ili Iweje? Mizani ya Ubongo Kutoka Ujanani Hadi Uzeeni

Kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu, hapa Tanga, huchangamka baada ya swala ya alasiri. Jumamosi moja alifika kijana fundi simu na mkeka wake wa mechi kumi na mbili. Kaweka buku moja. Mkeka ukitiki wote, anaondoka na milioni moja na laki nane. Akawa anampitia kila aliyekaa pale, anamshawishi naye abeti kidogo, mpaka akamfikia mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekwishapita miaka sabini.

"Shikamoo, babu. Weka na wewe buku, bahati haina mwenyewe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Buku ninayo. Lakini nishinde ili iweje?"

Tukacheka. Kijana akatikisa kichwa: "Wazee mmezidi uoga." Mzee hakubishana naye. Akamega kashata, akaomba kikombe cha pili.

Nilirudi nyumbani na swali lile, kwa sababu wawili wale walikuwa wanalieleza tendo moja kwa sababu mbili zisizofanana. Kijana anadhani mzee anaogopa kupoteza. Mzee anasema hakuna kinachomvuta. Kwa macho huwezi kuwatofautisha mwoga na asiyevutwa, maana wote wawili buku yao hubaki mfukoni. Ndani ya ubongo, hata hivyo, hayo ni mambo mawili yenye njia mbili, na katika miaka ishirini hivi iliyopita watafiti wamepata namna ya kuyatenganisha. Niseme mapema kwamba ushahidi mwingi uko upande wa mzee.

Cha mvunguni na kuinama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na humo ndani ya methali sahani zote mbili za mizani zipo: cha mvunguni ni faida, kuinama ni gharama. Kilichoachwa ni hesabu. Je, hicho cha mvunguni kinastahili kuinamiwa? Mwenye kiuno kizima na mwenye kiuno kinachouma hawatajibu sawa, hata kama kitu chenyewe ni kilekile.

Ugumu wa hesabu hii ni kwamba vinavyopimwa havina kipimo kimoja. Utamu wa pilau haupimwi kwa dakika za kukaa foleni, wala aibu ya kukataliwa haipimwi kwa shilingi. Lakini kila siku tunavilinganisha, tena haraka. Kwa hiyo ubongo hauna budi kuvigeuza vyote kuwa sarafu moja ya ndani, na sehemu inayoonekana kubeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo ni upande wa chini wa gamba la mbele la ubongo, juu kidogo ya macho.

Umuhimu wake tumeujua kwa watu walioumia hapo. Antonio Damasio, daktari wa neva aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, amesimulia habari za mgonjwa wake mmoja ambaye akili yake kwa vipimo vya kawaida ilikuwa nzima: anakumbuka, anahesabu, anajieleza vizuri. Alipoambiwa achague moja kati ya siku mbili za kurudi kliniki, alitumia karibu nusu saa akizichambua, huku ana ahadi nyingine, kule hali ya hewa huenda ikawa mbaya, na hakufika popote. Daktari alipomwambia basi njoo siku ya pili, akajibu sawa, akaondoka zake. Hoja alikuwa nazo tele. Alichokosa ni ile sarafu ya kuzilinganisha.

Dopamini si raha

Sasa tuingie kwenye dopamini, kemikali ya ubongo ambayo mitandaoni huitwa "homoni ya raha". Jina hilo ni la kupotosha, ingawa lina asili yake. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya aliyepachikwa waya mwembamba katika sehemu fulani za ubongo hubonyeza kitufe mfululizo ili ajipitishie umeme mahali hapo. Baadaye ikafahamika kwamba dopamini ina mkono mkubwa katika njia hizo, na watu wakahitimisha kuwa makao ya raha yamepatikana.

Aliyeipindua picha hiyo ni Wolfram Schultz. Akiwa Fribourg, Uswisi, alisikiliza seli moja moja za dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichachamaa juisi ilipofika. Nyani alipokwishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi itafuata, seli zikahamia kwenye taa. Juisi yenyewe ilipokuja zilikaa kimya. Na ikitokea taa imewaka juisi haikuja, zilizima kabisa kwa muda mfupi, sawasawa na wakati ule juisi ilipotarajiwa. Maana yake ni kwamba hazitangazi raha. Zinatangaza tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata, na kwa tofauti hiyo ubongo hujifunza kipi kifuatwe kesho. Schultz, pamoja na Peter Dayan na Ray Dolan, walipewa tuzo ya The Brain Prize mwaka 2017 kwa kazi hii. Mpiga mkeka anaijua hali hiyo bila kusoma popote: moto uko dakika ya themanini na tisa, timu ya mwisho ikiwa inaongoza. Pesa ikishaingia kwenye simu, moto umeshaanza kupoa.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliongeza jambo jingine. Panya walioondolewa karibu dopamini yote, ukiwadondoshea sukari mdomoni, bado hujilamba kama panya yeyote aliyeonja kitamu. Lakini hawaendi kukitafuta chakula. Wasipolishwa kwa mkono hufa njaa huku kimewazunguka. Kufurahia kumebaki, kutaka kumeondoka.

Halafu kuna jaribio la John Salamone na wenzake, ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari yote hii. Panya anawekwa kwenye njia panda. Upande mmoja kuna chakula kidogo, hakuna kizuizi. Upande wa pili chakula ni kingi, ila kuna ukuta wa kupanda. Panya mzima huupanda. Panya aliyepunguziwa dopamini huenda kwenye chakula kidogo. Utasema amechoka, hawezi kupanda. Hapana: ukikiondoa chakula cha upande rahisi kabisa, anaupanda ukuta. Utasema basi hajali wingi. Hapana tena: ukiuondoa ukuta, anaenda kwenye chakula kingi kama wenzake. Nguvu anazo na macho ya kuona kipi ni kingi anayo. Kilichobadilika ni bei anayokubali kulipa. Tangu nilipolisoma jaribio hili, neno "mvivu" limekuwa zito mdomoni mwangu.

Kwa binadamu, Michael Treadway na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliofanywa kwa vijana katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Kijana huchagua: abonyeze kitufe kirahisi kwa ujira mdogo, au abonyeze mara nyingi kwa kidole kidogo cha mkono asiouzoea ili apate zaidi. Walipimwa pia jinsi dopamini yao inavyoitikia dawa inayoichochea. Wale ambao dopamini iliitikia zaidi kwenye striatamu, yaani fungu la seli lililo ndani kabisa katikati ya ubongo, na kwenye lile gamba la mbele, walikuwa wepesi zaidi kuchagua kazi ngumu, hasa pale uwezekano wa kulipwa ulipokuwa mdogo. Wale ambao iliitikia zaidi kwenye insula, sehemu inayosoma hali ya mwili kama maumivu na kinyaa, walikuwa wepesi kuikataa. Kemikali ni ileile, ila ikielemea huku inakuvuta na ikielemea kule inakurudisha nyuma.

Miaka inafanya nini

Binadamu ana seli za neva karibu bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini ni laki kadhaa tu, na mfumo wao ni miongoni mwa ile inayoanza kupungua mapema. Makadirio ya picha za ubongo yanaonyesha kuwa vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, hupungua kwa takriban asilimia 10 kila muongo, kuanzia miaka ya ishirini na kitu. Mtu wa miaka 40 ameshaanza safari hiyo bila kujua. Upande wa kijana, gamba la mbele huendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini, wakati mvuto wa zawadi uko juu tangu balehe. Ndiyo maana bodaboda mwenye miaka kumi na tisa na mwenye arobaini huiona taa nyekundu kwa macho tofauti, na hilo sihitaji kulirefusha.

Swali la kijiweni ni hili: dopamini ikipungua, mtu anakuwa mwoga au anapungukiwa mvuto? Robb Rutledge na wenzake wa University College London walipata nafasi ya kulijibu kwa kutumia mchezo wa simu uliochezwa na watu 25,189 wenye umri wa miaka 18 hadi 69. Katika mchezo ule unachagua kati ya pointi za uhakika na kubahatisha. Mara nyingine kubahatisha kunaweza kukuongezea tu, mara nyingine kunaweza kukupunguzia tu, na mara nyingine yote mawili. Kama umri unaleta uoga, wenye umri mkubwa wangejihadhari zaidi kila penye hatari ya kupoteza. Haikuwa hivyo. Umri ulipopanda, watu walipunguza kubahatisha pale tu palipokuwa na cha kupata. Kwenye hasara, mkubwa na mdogo walicheza sawa. Tofauti ilikuwa ya asilimia chache, si ya kumgeuza mtu kuwa mwingine, lakini ilielekea kulekule kunakotarajiwa dopamini inapopungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Siogopi kupoteza buku, alisema mzee kwa maneno yake. Nishinde ili iweje?

Kuna utafiti mwingine unaokaza kamba hiyohiyo upande wa uoga, ingawa upande wa mvuto haukuona tofauti. Mwaka 2007 Gregory Samanez-Larkin, Brian Knutson na wenzao wa Stanford walitazama ubongo wa vijana na wazee walipokuwa wakisubiri kupata au kupoteza pesa. Walipoonyeshwa alama kwamba huenda wakapata, ubongo wa wazee uliitikia kama wa vijana. Walipoonyeshwa kwamba huenda wakapoteza, insula ya wazee ilitulia zaidi, na wenyewe walisema hawakuwa na wasiwasi mwingi. Hasara ikishatokea, makundi yote mawili yaliumia sawa. Ona basi: mzee huumia kupoteza kama mwingine yeyote, ila hakai akiyawazia maumivu kabla hayajafika.

Utulivu huo una bei yake. Mwaka 2012 Shelley Taylor na wenzake wa Los Angeles walionyesha watu picha za nyuso, na wazee waliziona nyuso zenye dalili za utapeli kuwa za kuaminika kuliko vijana walivyoziona, huku insula yao ikiwa kimya zaidi. Kwa hiyo mzee asiyetikiswa na mkeka anaweza akampokea vizuri mno kijana mwenye suti na mpango wa upatu. Kukosa mvuto wa kamari na kukosa kengele ya tahadhari vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na familia nyingi huwa hazilitarajii hilo: "Baba? Baba haamini mtu!"

Je, tukimrudishia mzee dopamini? Rumana Chowdhury na wenzake wa London walijaribu, wakachapisha mwaka 2013. Waliwapa wazee 32, wa umri wa kuzunguka miaka 70, levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, siku moja na kidonge kisicho na dawa siku nyingine, kisha wakawachezesha mchezo wa kujifunza picha ipi inalipa zaidi. Karibu nusu yao walicheza vizuri zaidi siku ya dawa, na ndani ya ubongo wao ile ishara ya tofauti kati ya kilichotegemewa na kilichopatikana ikafanana na ya vijana. Nusu nyingine hawakunufaika, wengine hata waliharibikiwa. Dopamini ni kama chumvi kwenye mchuzi: aliyepungukiwa ataona nafuu, mwenye ya kutosha utamharibia chungu.

Kwa wanyama tunaweza kuchungulia ndani zaidi. Ann Graybiel wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alivieleza tangu mwaka 1978 vidoa vidogo vilivyotapakaa ndani ya striatamu, na maabara yake imekuwa ikionyesha kwamba vidoa hivyo vinahusika hasa pale uamuzi unapochanganya kitamu na kichungu. Mwaka 2020, yeye na Alexander Friedman na wenzao waliripoti kuwa panya wa jamii ndogo waliozeeka hujishughulisha kidogo kuliko panya vijana kujifunza ipi kati ya sauti mbili inaleta maji matamu na ipi inaleta mwanga mkali wa kukera. Shughuli ya vidoa vile ilikuwa imefifia. Walipoichochea kwa njia ya kemikali, panya wazee wakaanza tena kujishughulisha.

Inategemea unamwinamia nani

Hadi hapa mtu angesema uzeeni mizani inalegea tu. Ningesema hivyo pia kama nisingemjua yule mzee. Wiki ileile aliyokataa mkeka, alidamka kabla ya alfajiri, na magoti yake yale, akaenda kushika namba hospitalini kwa ajili ya mama jirani aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Gharama hiyo ni kubwa kuliko buku, na hakuulizwa mara mbili.

Mwaka 2021 Patricia Lockwood na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walibana kifaa kwa mkono ili kupata pointi zinazogeuka pesa, mara nyingine zao wenyewe, mara nyingine za mtu wasiyemjua. Vijana walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 36, wakubwa 55 hadi 85. Vijana walijibidiisha kwa ajili yao na kulegea ilipofika zamu ya mwenzao. Wenye umri mkubwa walikuwa tayari zaidi kuliko vijana kumtolea jasho huyo mgeni. Laura Carstensen wa Stanford amekuwa akifundisha kwa miongo kadhaa kwamba mtu anapoona muda uliobaki ni mfupi, hupunguza kukusanya na kuongeza yale yenye maana kwake, watu wakiwa mbele. Mizani haijalegea. Mzee amebadilisha kinachowekwa juu ya sahani.

Kuhusu subira nitapita haraka, kwa kuwa mambo hayakwenda kama wengi wanavyodhani. Tunaamini wazee ndio wenye kungoja matunda na vijana wanataka leo. Tafiti nyingi za watu wazima zilipokusanywa pamoja, umri haukuleta tofauti ya maana katika kuchagua kidogo cha leo au kingi cha baadaye.

Mazingira, lakini, hayapitiki haraka. Rui Mata na wenzake walichambua majibu ya watu wa nchi 77 kuhusu kupenda mambo ya hatari, wakachapisha mwaka 2016. Katika nchi nyingi hamu hiyo hushuka na umri. Penye maisha magumu, kipato kidogo, vifo vingi vya watoto wachanga na mauaji mengi, mteremko ni mdogo: mtu mkubwa anaendelea kubahatisha karibu sawa na kijana. Hapo namkumbuka mama wa miaka sitini na kitu anayechukua samaki kwa mkopo alfajiri pale forodhani bila kujua kama wateja watakuja. Dopamini yake nayo inapungua kama ya mstaafu wa Stockholm. Tofauti ni kwamba mstaafu wa Stockholm asipobahatisha, chakula cha jioni kipo.

Mizani inapougua

Kupungua kwa umri kwenda taratibu ni jambo moja. Ugonjwa ni jingine. Katika ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari James Parkinson wa London aliyeueleza mwaka 1817, seli za dopamini hufa kwa wingi. Watu huuona mtetemeko wa mkono na hatua fupi fupi, lakini wagonjwa wengi hupoteza pia msukumo: hawaanzishi jambo, hawatoki, na nyumbani huambiwa wamejibweteka. Michael Frank na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa hawa, wakiwa hawajameza dawa, hujifunza vizuri zaidi kutokana na makosa kuliko kutokana na mafanikio. Wakishameza, mambo yanageuka. Na baadhi ya dawa za kuiga dopamini huwasukuma wagonjwa wachache kwenye kamari, manunuzi au ulaji usiozuilika, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kucheza hata bahati nasibu. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo asione haya kumweleza daktari, kwa sababu mara nyingi dawa inaweza kubadilishwa au kupunguzwa. Hali kadhalika mzee aliyeacha ndani ya miezi michache kila alichokipenda, kuanzia bao mpaka wajukuu, si wa kuambiwa "uzee huo". Anahitaji kupimwa, huenda ni sonona, huenda ni ugonjwa wa neva.

Kuna doa moja katika karibu tafiti zote za umri nilizozitaja, nami nisingependa ulikose. Zinalinganisha vijana wa leo na wazee wa leo. Mtu wa miaka 65 aliyepigwa picha ya ubongo Stanford katika utafiti wa mwaka 2007 alizaliwa wakati Vita Kuu ya Pili inaendelea. Aliyekuwa na miaka 20 alikua na michezo ya video. Wakitofautiana mbele ya hatari ya kupoteza dola tano, ni dopamini iliyopungua au ni malezi? Kujua kwa hakika kunataka kumfuata mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ni ya gharama na ya polepole. Fundi simu wetu ana miaka ishirini na mitatu. Mkeka wake wa Jumamosi ile ulichanika kwa timu moja, na Jumamosi iliyofuata alikuja na mwingine. Ili tujue kama naye ipo siku atauliza "ili iweje?", inabidi kumsubiri kijiweni miaka arobaini na saba.